Mkwe Aliyelala Baba Dogo

Siku Mama Khalayi alipotolewa hospitalini, mkwewe Opicho alikunja blanketi lake, akachukua mswaki na jozi ya pili ya viatu, akaondoka katika nyumba aliyoilipia kodi mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya tatu, mtaa wa Mowlem, chumba kilichogawanywa kwa pazia la maua: huku kitanda na jiko, huku kochi na televisheni. Kwa watu wao wa Bungoma, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa bintiye. Hawapeani mikono, wala hawatazamani usoni. Penye boma lenye uga na nyumba mbili tatu, heshima hiyo hupata pa kukaa. Katika chumba kimoja haina pa kukaa ila mmoja atoke, na kwa kuwa mgonjwa hakuweza kutoka, alitoka mzima.

Mama Khalayi alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, akafikia kwa Beldina, mwanamke wa kwao aliyekaa ghorofa ya chini katika jumba lilo hilo. Huko ndiko kiharusi kilikomkuta, akichambua mboga. Upande wake wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito kinywani. Beldina alikuwa na nafasi ya mgeni anayetembea. Ya mgonjwa asiyeinuka hakuwa nayo. Basi bintiye Lorine, mke wa Opicho, akampandisha mamake juu, akamlaza kwenye kitanda cha ndoa yake, kitanda ambacho Mungu hakuwa bado amekijaalia mtoto.

Opicho alipata hifadhi mtaa wa Baba Dogo, kwa Makokha, mwenzake katika kiwanda cha mabeseni ya plastiki.

"Karibu, mkimbizi," Makokha alimwambia akimsogezea mkeka. "Wengine hukimbia vita, wewe umekimbia mama wa watu asiyeweza hata kuinua kijiko."

"Ndiyo maana nimemkimbia," Opicho alijibu. "Angekuwa na nguvu, angenikimbia yeye."

Kila jioni, akitoka kazini, alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kusimama nje ya mlango wake mwenyewe. Hakubisha. Alikohoa kidogo, Lorine akatoka.

"Ameshindaje?"

"Vilevile."

"Amekula?"

"Uji. Nusu kikombe."

Akampa alichonunua, akasimama kitambo kana kwamba kuna jambo jingine, kisha akashuka. Ndani, mama mkwe alizitambua hatua zake. Zilipofika mlangoni, mkono wake wa kushoto, uliokuwa mzima, ulijivutia leso na kuufunika uso.

Sista Qali alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa, kazi yake kuwatembelea waliorudishwa majumbani. Alizaliwa Eastleigh, mtaa wa Wasomali, akasomea huko huko, na alikuwa na desturi yake katika kazi: hakumfunza mtu mmoja. Alitaka kila anayekaa katika nyumba aje asimame kando ya kitanda, aone kwa macho yake. Mgonjwa hauguzwi na mtu, alipenda kusema, huuguzwa na nyumba.

"Mko wangapi hapa, dada?" alimuuliza Lorine.

"Mimi na mama."

"Na mwenye nyumba?"

Lorine alitupa jicho kitandani. "Yupo."

"Yupo wapi? Hata kiatu chake sikioni."

"Yuko kazini."

"Jioni anarudi?"

"Anakuja. Halafu anaenda."

Sista Qali alimtazama kwa huruma isiyokuwa mahali pake. Alikuwa ameyaona mengi ya namna hiyo katika mitaa hii: mgonjwa anaingia kwa mlango, mume anatoka kwa dirisha. Lorine naye hakumsahihisha. Mamake alikuwa pale, macho wazi, masikio wazi, na kulitaja jambo la mkwe mbele yake kungekuwa ni kulivunja kwa mdomo kabla halijavunjwa kwa mkono. Akanyamaza, na kimya chake kikamshuhudia mumewe uongo.

Muuguzi akamfunua mgonjwa, akampapasa mgongo. Juu ya makalio, pale mfupa unapokaribiana na ngozi, palikuwa na doa jekundu lisilofifia hata akilibonyeza kwa kidole.

"Unaona hapa? Akilalia hapa kutwa nzima, nyama itaoza ikiwa hai. Lazima ageuzwe mara kwa mara, kushoto, kulia, mchana na usiku. Na ageuzwe na watu wawili. Ukimburuta peke yako, utamchuna."

"Nitajitahidi, sista."

"Sikusema ujitahidi. Nimesema watu wawili." Akaiinua ngozi ya mkono wa mgonjwa kwa vidole viwili, ikabaki imesimama. "Maji anakunywa?"

"Anakataa. Anasema hana kiu."

Sista Qali akainama karibu na mto. "Mama, kiu unayo. Unaogopa kujikojolea, sivyo?"

Mama Khalayi akafumba macho. Chozi likamtoka upande wa jicho zima, likateremka hadi ndani ya sikio, wala hakuweza kulifuta, maana Lorine alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto.

Akitoka, muuguzi alikutana na mwanamume aliyebeba sukumawiki iliyofungwa kwa gazeti, amesimama nje ya mlango alioufunga yeye nusu.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye, sista."

"Nyumba gani hiyo usiyolala? Mkeo anavunjika mgongo humo ndani, wewe unaleta mboga mlangoni kama mchuuzi."

Kwenye mfereji wa ghorofa hiyo wanawake wawili walikuwa wakikinga maji. Mmoja akacheka. "Mwambie, sista. Wanaume wa hii ploti ni kama rimoti. Ukiwahitaji ndipo wanapopotea."

"Hii haina hata betri," mwenzake akasema.

Opicho akafungua kinywa. Maneno alikuwa nayo, tena yaliyonyooka. Lakini mlango ulikuwa wazi nusu, na nyuma ya mlango palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia palikuwa na uso uliofunikwa leso. Angejitetea, angemtaja. Akafunga kinywa.

"Nimesikia, sista," alisema.

Akaiweka mboga juu ya kizingiti, akateremka huku wanawake wakimpisha zaidi ya nafasi aliyoihitaji.

Mwanzoni Beldina alipanda kumsaidia Lorine kugeuza. Alikuja akiwa na mikono yenye maji ya kufulia, akageuza, akashuka. Baadaye akawa anaitwa mara mbili kabla hajaja, kisha mara tatu. Hakuwa mbaya, alikuwa na nguo za watu za kufua na kiuno cha miaka yake. Lorine akaacha kumwita ila ikibidi. Akajifunza kugeuza peke yake, kwa kupiga goti kitandani na kuvuta bega kwanza, halafu nyonga. Doa jekundu likawa la zambarau.

Jumapili moja Beldina akiwa kanisani, Lorine alivuta nyonga, godoro likateleza juu ya mbao, naye mgonjwa akateleza nalo. Hakuanguka kwa kishindo. Alimiminika polepole hadi kwenye saruji, na Lorine chini yake, mkono umebanwa.

Opicho alikuwa amefika mlangoni, hajakohoa bado.

"Opicho," Lorine aliita, "ameanguka. Njoo."

Aliingia. Alivuka kochi, akafika penye pazia, akalishika. Ndipo ikatoka sauti nzito, kila silabi ikisukumwa peke yake kama jiwe:

"A-si-i-ngie."

Mkono wake ukabaki kwenye pazia.

"Opicho," Lorine alisema tena.

"A-si-i-ngie."

Akaliachia pazia. Alishuka ngazi mbiombio, akavuka barabara hadi kwenye ukumbi ambamo kanisa la kina Beldina lilikuwa katikati ya maombi, watu wamefumba macho. Ikambidi apite kati yao akitafuta kitambaa cha kijani anachojifunga Beldina, akimgusa begani huyu na yule aliyefumba. Walipofika juu, Mama Khalayi alikuwa bado sakafuni. Walimwinua. Ngozi ya mgongo ilibaki kwenye saruji, na pale palipokuwa doa pakawa donda.

Jioni ile Lorine alimfuata mumewe juu ya paa, kwenye kamba za nguo, mahali pekee ambapo mgonjwa asingewasikia.

"Ulikuwa umefika. Ulikuwa umelishika pazia."

"Alisema nisiingie."

"Mtu aliyeanguka husema chochote."

"Hakusema chochote, Lorine. Alisema hicho. Mara mbili."

"Basi heshima yenu ikimuua mama, mje mnijulishe, nyinyi wawili. Mimi nilikuwa chini yake."

Opicho aliupapasa mkono wa mkewe uliovimba, naye akauondoa. Opicho akamweleza kwamba amempigia simu ami yake nyumbani. Heshima ya mkwe hufunguliwa, hilo lipo. Lakini hufunguliwa ugani kwa mama mkwe mwenyewe, kwa kondoo na nguo ya kumvika, wazee wa pande zote mbili wameketi. Ndipo mkwe hupewa mkono.

"Ukamwambia ni mgonjwa?"

"Nilimwambia. Akasema kondoo hachinjwi kwenye varanda ya jumba la kupanga."

Lorine akacheka pasipo kutaka, kisha akaanua nguo zilizokuwa hazijakauka akashuka nazo.

Sista Qali alipoliona donda aliufungua mkoba wake. Alilisafisha, akalifunga, akasema likizidi hapo mgonjwa atarudi hospitalini, na kwa hali yake huenda asitoke tena. Aliposhuka, mume wa nyumba alikuwa akimngojea chini kabisa, ng'ambo ya geti, mbali na kila mlango.

"Sista, siku ile ningekujibu, lakini mlango ulikuwa wazi."

Akamweleza yote, amesimama wima, macho chini, kama mtu anayetoa ushahidi. Muuguzi alisikiliza akiwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Yeye mwenyewe alilelewa katika nyumba yenye mipaka: nani amtazame nani, nani amguse nani. Tangu utotoni aliijua staha, akaijua na bei yake. Hakuitambua tu ilipokuja kwake imevaa nguo za watu wengine.

"Kwetu," alisema, "dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Mtu akiwa katika hali ya kufa, huinuliwa hata na asiye maharimu wake."

"Kwetu pia hufunguliwa. Lakini hufunguliwa na wazee, si mimi. Na mwenyewe hataki. Nikimwinua kwa nguvu, atapona mgongo afe uso."

Sista Qali akaitikia kwa kichwa. "Basi kosa ni langu, kaka. Nilikuwa nimefundisha nusu ya nyumba." Akafikiri. "Hebu niambie. Nguo unaweza kushika?"

"Nguo gani?"

"Shuka. Iliyo chini yake."

Opicho akamtazama kwa mara ya kwanza. "Shuka naweza."

Ikawa hivi. Kitanda kilivutwa kutoka ukutani, na waya wa pazia ukahamishwa hadi pazia likaning'inia sambamba na ubavu wa kitanda, likigusa godoro. Shuka nzito ilikunjwa mara mbili, ikapitishwa chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani. Upande wa ukuta angesimama Lorine. Pindo la upande wa pili lingetokezwa chini ya pazia, na huko, asione wala asiguse, angelishika mkwe. Hospitalini wauguzi hugeuza kwa shuka kila siku. Pazia ndilo alilolizidisha Sista Qali.

Ilibaki idhini. Muuguzi alipiga magoti kando ya mto.

"Mama, mkweo atashika nguo tu. Hatakugusa, wala hatakuona. Unaridhia?"

Kinywa cha Mama Khalayi kilijikusanya kuyatafuta maneno.

"Atani… sikia… nikilia?"

"Atasikia, mama. Siwezi kukudanganya."

"Basi," alisema, "nita-nyamaza."

Opicho aliingia, akapiga goti penye pazia, akalipata pindo la shuka. Lilikuwa na joto. "Tayari?" Lorine aliuliza upande wa pili. "Tayari." "Vuta." Alivuta kwa nguvu ya mtu anayeinua magunia, maana katika fikra zake mama huyo alikuwa mkubwa kama boma lake, kumbe alikuwa mwepesi. Ilikuwa kana kwamba hakuna kitu katika shuka ile. Nyuma ya pazia hakukusikika hata pumzi. Lorine alimwambia aachie, na hakuachia hadi alipoambiwa mara ya pili.

Alimwomba msimamizi wake zamu ya usiku, akawa mchana yuko karibu, ameketi ngazini akingoja kuitwa. Chai yake aliletewa palepale, akainywa akiwapisha wapitao. Asubuhi akitoka kiwandani alikuja akageuza, akaenda kwa Makokha kulala kidogo, adhuhuri akageuza, kabla ya kwenda kazini akageuza. Usiku Beldina alipanda mara moja, mara moja tu, na kwa hilo hakulalamika. Mama Khalayi akaanza kunywa maji. Kingo za donda zikawa nyekundu za uhai, kisha zikaanza kukaribiana.

Ila mke na mume walikuwa hawana tena maneno. Tayari, vuta, achia, pole pole: hayo ndiyo mazungumzo yaliyobaki katika ndoa yao, nayo yalipitia kwenye kitambaa. Lorine alikuwa akimwona mumewe kama vidole kumi chini ya maua ya pazia. Wakati mwingine alitamani kuvigusa, na mamake alikuwa katikati.

Siku moja Lorine alikwenda zahanati kuchukua bandeji, akamwomba Opicho akae ndani, kwenye kochi, asije mgonjwa akahitaji mtu wa kumwitia Beldina. Alikaa ametazama televisheni isiyowashwa.

"Opicho."

Hakuwahi kulisikia jina lake kwa sauti ile. Aliinuka, akakaa tena.

"Naam, mama."

"Wewe… ni mweusi, au maji ya kunde?"

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa kwamba, tangu aoe hadi leo, mwanamke huyu hajapata kuuona uso wake.

"Mweusi, mama. Na upara umeanza."

Nyuma ya pazia kulitoka sauti. Huenda ilikuwa kicheko, huenda kikohozi.

"Mimi najua viatu. Vya harusi… vilikuwa vya kuazima."

"Ndiyo, mama. Vilinibana."

"Niliona. Ulitembea kama kuku." Akapumzika. Maneno yalimchosha kama mzigo. "Unalala wapi?"

"Kwa rafiki, Baba Dogo."

"Kitandani?"

"Mkekani."

"Na mimi… kitandani mwako."

"Lala, mama. Usilifikirie hilo."

"Donda likifunga, nirudishe kwangu. Anayeugua kwa mkwe… huugua mara mbili."

Opicho alijua angejibu nini. Njia ni ndefu. Na Kweyu, mwanawe wa kiume wa pekee, amefiwa na mke, kutwa yuko shambani. "Huko nani atakugeuza, mama? Kweyu hana mke."

"Lorine."

Alisema bila kusita, jina lile likatoka zima, halikukatika katikati. Alikuwa amelifikiria siku nyingi, ametazama dari.

"Nakuomba mke wako," Mama Khalayi alisema.

Kwenye mfereji maji yaliingia ndooni. Muda wote huo Opicho alikuwa amelingoja donda lifunge kama mtu anayengoja mlango wake ufunguliwe. Hakuwa amefikiri kwamba utafunguliwa kwa namna hiyo.

"Kwa muda gani, mama?"

"Mungu ndiye ajuaye."

Angeweza kukataa. Sheria ya ndoa ilikuwa upande wake, na wazee pia. Akaitazama mikono yake.

"Atakwenda nawe," alisema.

Upande wa pili leso ilisikika ikivutwa juu ya uso.

Sista Qali alilikagua donda lililofunga, akaridhia safari, akamfunza Lorine namna ya kumlaza garini na mahali pa kusimama njiani ili ageuzwe. Siku ya kuondoka majirani wanne walimteremsha mgonjwa ndani ya shuka, Beldina akiwatangulia na kuwagombeza kila kidato. Opicho alikuwa juu ya paa, ili wasikutane ngazini. Kutoka huko aliona gari, akaona mlango wa nyuma ukifunguliwa, na kifurushi cheupe kikiingizwa.

Lorine alipanda mbio hadi juu, akihema. Akampa ufunguo.

"Unga uko kwenye ndoo ya bluu. Mafuta yamebaki kidogo."

"Sawa."

"Kondoo utamleta lini?"

"Nikipata likizo."

Wote wawili walijua likizo ya kiwanda kile. Lorine aliushika ukosi wa shati lake, akaunyoosha, ingawa ulikuwa umenyooka. "Nitapiga simu," alisema. Honi ikalia chini.

Kesho yake Opicho alichukua blanketi lake kwa Makokha. "Kwa hivyo mkimbizi amerudishwa nchini kwao," Makokha alisema, lakini alipouona uso wa mwenzake hakuendelea na mzaha. Alimfungia blanketi kwa kamba, akamsindikiza hadi barabarani.

Nyumba ilinukia spiriti na sabuni ya mche. Pazia lilikuwa bado mahali lilipohamishiwa, na nyuma yake kitanda kilikuwa kimetandikwa, kina bonde upande wa kushoto. Opicho aliliangalia bonde lile akiwa amesimama. Hakuvuka. Aliliweka blanketi juu ya kochi, akalikunjua hapo.

Jioni simu ililia.

"Tulifika salama," Lorine alisema. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake wengi, na mtoto wa mtu akilia. "Majirani wamejaa. Wamegombania nani amgeuze kwanza. Mama anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

Akamsikia akilipitisha neno kwa lugha ya kwao, na sauti nzito ikijibu kutoka mbali, polepole.

"Anasema nini?"

"Anasema hujala."

Opicho akafuta uso kwa kiganja. "Mwambie napika sasa hivi."

"Pika kweli," Lorine alisema, na hapo mtu akamwita, simu ikakatika.

Jiko lilikuwa nyuma ya pazia, na ndoo ya bluu kando yake. Opicho alibaki kwenye kochi, viatu miguuni, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo, mwenye nyumba anakuja.